Matroni Aliyekagua Ngozi

Kila Jumamosi baada ya uji, wasichana wa bweni walipanga mstari uwanja wa nyuma wakiwa na magagulo na fulana tu, na Matroni akawakagua ngozi. Hakukagua ndani hata siku moja. Alisema bwenini kuna giza hata mchana, na giza linafunika mambo. Aliwasubirisha hapo hapo, wakijikunyata kwa baridi ya Mbeya, mpaka jua lilipopanda juu ya miti ya milingoti. Ndipo alipoanza: kichwani, nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, katikati ya vidole, tumboni, mgongoni. Macho aliyatumia kidogo. Kazi kubwa aliifanya kwa viganja, akivipitisha taratibu kama mtu anayepapasa unga kutafuta vidonge.

"Ngozi zetu hizi zinaficha," aliniambia. "Mtu mweupe akitokwa na harara unaiona toka getini. Sisi mpaka uguse."

Nilifundisha Hesabu katika shule ile kwa miaka mingi. Ilikuwa shule ya msingi ya bweni, ya mtu binafsi, nje kidogo ya jiji. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo namjua hata kwa sauti zake: kikohozi chake cha alfajiri, redio ya ibada, na zile kandambili zake zilizokuwa zinaburuta upande mmoja. Jina lake nalijua. Sikulitumia hata mara moja, na sikumbuki mtu aliyelitumia. Mkuu wa shule alimwita Matroni, mchungaji alimwita Matroni, hata kijana wa maziwa alipiga hodi akiita Matroni.

Alikuwa mtu wa Iringa, na Kiswahili chake hakikuficha hilo. Alimsalimia kila mtu "kamwene", awe Mnyakyusa, Msafwa au Mchaga aliyeletwa kufundisha Kiingereza, nao wakazoea kuitikia. Ngeli hazikumsumbua. "Kiatu yako iko wapi? Kitambaa yangu nani kachukua?" Watoto wakubwa walimwigiza wakiwa bafuni, naye aliwasikia akapita zake. Jambo ambalo hakuliachia ni maneno mengi. Mtoto akianza kueleza kwa nini hawezi kuvua fulana, Matroni alimkatisha: "Usinipe maneno. Nipe mgongo."

Na mgongo ulisema. Alijua upele wa kuambukizana na upele wa joto, choa na mapunye, ukurutu wa watoto wenye pumu, tetekuwanga kabla haijaanza kutoa maji. Alikuwa na beseni la kila ugonjwa. Kuna msichana wa darasa la sita aliyeficha upele kwa wiki nzima kwa sababu ya aibu, akilala na soksi mikononi. Matroni alipomgundua hakumgombeza. Alichemsha matandiko yote ya bweni, yote kabisa, ili asijulikane nani kaanza. Siku ile moshi wa kuni ulitanda mpaka madarasani, na mkuu wa shule akaja juu kwa ajili ya kuni zilizoteketea. Matroni alimsikiliza akiwa anakoroga shuka kwa mti, kisha akasema, "Mkuu, rudi ofisini, moshi itakuumiza macho."

Sitaki nimpambe. Alikuwa mkali, na kuna ukali wake ambao mpaka leo siutetei. Watoto wadogo aliwaogesha kwa maji ya baridi mwezi wa sita, kwa imani kwamba maji ya moto yanalegeza mtu. Papo hapo alikuwa na sufuria ya maji ya vuguvugu aliyoifunika kwa gunia, ya vikojozi peke yao, na aliwaita mmoja mmoja kabla wenzao hawajaamka. Ukimuuliza kuhusu ile sufuria alikataa kwamba ipo.

Alichukia mkorogo kuliko dhambi nyingine zote. Akikamata kopo la mafuta ya kujichubua kwa msichana wa darasa la saba, alilimwaga chooni mbele ya wote. Halafu usiku wa ibada ya wasichana wakubwa alikaa kwenye kigoda, akavua kitambaa cha kichwa, akawaacha wamguse mashavu. Alikuwa na mabaka meusi mawili, magumu kama ganda, chini ya macho. "Haya niliyanunua mwenyewe dukani," aliwaambia. "Nilikuwa kama nyie. Nilitaka kuolewa na mtu wa benki." Wasichana walicheka, naye akacheka nao.

Na alikuwa na ile sheria ya simu. Mtoto akiugua, nyumbani hapigiwi mpaka Matroni aridhike kwamba ni ugonjwa kweli. Alisema mtoto akisikia sauti ya mama yake homa inapanda. Kwa uzoefu wake, watoto wengi waliougua siku ya kwanza walikuwa na hamu ya nyumbani tu, na siku ya pili walikuwa wanacheza rede. Akiombwa simu alijibu neno moja: "Kesho." Sisi walimu tuliiunga mkono sheria ile. Ilitupunguzia wazazi getini.

Kisha ukaja mwaka wa barakoa. Kila mtu anaukumbuka kwa namna yake. Mimi naukumbuka kwa harufu ya mchaichai na majani ya mlingoti, kwa sababu Matroni aliwafukiza watoto chini ya mablanketi, watano watano, wakitoka humo wamelowa na nyuso zinang'aa. Shule zilipofunguliwa tena katikati ya baridi, bweni zima lilikohoa. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa. Tulisema mafua, na watoto kwa kweli waliugua kama mafua. Siku chache za kukohoa, makamasi, basi. Mpishi wetu alilala kitandani karibu mwezi akitafuta pumzi, lakini watoto walipona wakarudi uwanjani. Matroni alimshukuru Mungu kwa sauti, nikamsikia toka upande wa pili wa ukuta.

Atuganile alikuwa mmoja wa waliokohoa kidogo kuliko wote. Alikuwa darasa la tatu, mtoto mwembamba mwenye meno ya mbele makubwa, mwenyeji wa Rungwe kwa bibi yake. Mama yake alikuwa na mgahawa Makongolosi, kule Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akiwapikia wachimbaji. Alimlea mtoto peke yake, na alimleta bweni kwa sababu hakutaka akulie kwenye vumbi na ulevi wa machimbo. Alipokuja kumtembelea alikuja na ndizi mzuzu za kukaanga kwenye kindoo, nyingi kiasi cha kulisha bweni.

Wiki kadhaa baada ya kikohozi kuisha, wakati tumeshasahau, Atuganile alipata homa na tumbo kuuma. Zahanati ya jirani walimpima wakampa dawa za malaria. Matroni akamlaza chumba cha wagonjwa. Homa haikushuka. Akaanza kutapika.

Nilienda kumwona mchana mmoja baada ya vipindi. Macho yake yalikuwa mekundu yote mawili, lakini makavu, hayana tongotongo. Midomo ilikuwa imepasuka mpaka damu. Hilo la midomo halikumshtua mtu. Mwezi wa nane Mbeya midomo ya kila mtoto inapasuka kwa upepo, na Matroni alikuwa na kopo kubwa la mafuta ya mgando kwa ajili hiyo. Alimpaka.

"Vipele vimetoka tumboni," aliniambia. "Njoo uguse."

Niligusa. Sikuona kitu chenye rangi, ila chini ya vidole vyangu ngozi ya tumbo ilikuwa inakwaruza, kama kitambaa kilichooshwa na sabuni nyingi kikakauka vibaya.

"Surua?" niliuliza.

"Surua inakuja na kikohozi. Huyu hakohoi. Tetekuwanga haina sura hii." Alikunja uso. "Kuna kitu amekula. Ni mzio. Nitampaka ile dawa ya pinki ya muwasho."

Atuganile alikuwa ameinua mikono yake juu ya blanketi. Vidole vilikuwa vimejaa, ngozi imevutika ikang'aa. "Matroni," alisema, "mikono inanibana."

"Ni baridi, mama. Iweke ndani."

"Naomba nimpigie mama."

"Kesho."

Nilikuwepo. Sauti yake haikuwa kali. Alilisema kama siku zote, huku anamfunika. Nami nilitoka nikaenda kusahihisha madaftari. Kesho yake mtoto akaomba tena, akajibiwa vile vile, kwa sababu asubuhi ile homa ilikuwa imepungua kidogo na alikunywa vijiko vya uji. Siku iliyofuata Matroni alimwinua kumwogesha, miguu ikakataa. Ngozi ya miguu ilikuwa ya baridi na yenye madoadoa kama jiwe la mtoni, hali kifua kinawaka. Hapo hakumuuliza mtu. Alimbeba mgongoni kwa kanga, akasimamisha pikapu ya mwenye shule iliyokuwa inashusha mahindi, akaenda naye hospitali kubwa mjini. Mimi nilimpigia mama mtu, kwa simu yangu.

Yaliyotokea hospitali nayajua kwa sababu nilifika jioni ile na nguo za mtoto. Daktari wa watoto alikuwa dada mdogo, pengine rika langu, mwenye sauti ya chini. Alimtazama Atuganile macho, ulimi, viganja, nyayo. Ulimi ulikuwa mwekundu wenye vinundu. Kisha akamgeukia Matroni.

"Mama, wiki za nyuma huyu mtoto aliugua mafua? Au walio karibu naye?"

"Bweni zima lilikohoa. Ila yeye kidogo sana. Alishapona."

"Alipona, ndiyo." Daktari alivuta stuli akakaa, ili awe sawa na Matroni. "Kuna watoto wachache, wachache sana, wakishapona kirusi, mwili wao unaendelea kupigana. Kirusi hakipo tena, lakini mwili unapiga tu, unapiga mishipa yake wenyewe, unapiga moyo. Hivi vipele, haya macho, hii mikono kujaa, ni mishipa midogo imevimba. Moyo wake sasa umechoka."

"Kwa hiyo si mzio," alisema Matroni.

"Si mzio, mama."

Walimpa walichokuwa nacho, na kuna dawa nyingine waliyoitafuta kwa simu mpaka mikoa mingine wakaikosa. Mama yake alifika kutoka Makongolosi akiwa na aproni ya mgahawa chini ya kitenge. Alikaa kitandani akamshika mtoto ile mikono iliyovimba, lakini Atuganile hakuwa anajibu tena. Alifariki kesho yake mchana, jua likiwa limejaa wodini.

Koridoni Matroni alimsimamisha daktari. Nilikuwa pembeni yake nimeshika mfuko wa nguo.

"Ningemleta ile siku ya kwanza ya vipele," alisema, "angepona?"

Daktari aliegemea ukuta. "Labda, mama. Wengine wanapona. Wengine wanaletwa mapema na bado tunawapoteza. Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia hapana."

"Niambie moja."

"Sina."

Tulimzika Rungwe kwa bibi yake, kwenye migomba, mvua ndogo inanyesha. Matroni alisimama nyuma kabisa na barakoa usoni. Hakuimba, yeye ambaye sauti yake ya pili ilibeba kwaya ya shule.

Mkuu wa shule alituita ofisini baadaye. Alisema kwa upole kwamba msiba umeshatokea, hospitali imeandika ilichoandika, na si busara kuzungumza na familia kuhusu siku zile za kabla. Wazazi wataogopa. Mimi niliitikia kwa kichwa. Matroni alitazama ukuta. Tulipotoka nje alisema, "Mwanangu, Jumamosi hii sikagui. Nisindikize Makongolosi."

Tulimkuta mama yake Atuganile, Mama Atu, kwenye mgahawa wake, banda la mabati lenye meza za mbao, karibu na makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Kelele zake hazikatiki, na vumbi lake linakaa kwenye kila kitu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akaendelea kuchambua. Tulimpa pole kwa mara nyingine, akaitika.

"Mama Atu," alisema Matroni, "nimekuja kusema jambo. Naomba unisikilize mpaka mwisho."

Akasema yote. Homa, zahanati, vipele, dawa ya pinki. Mikono inayobana na yeye akasema baridi. Alipofika kwenye simu alichanganya siku, akaanza upya. "Aliomba kukupigia. Nikamwambia kesho. Akaomba tena. Nikamwambia kesho."

Mkono wa Mama Atu ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. Alitoa chuya, akatupa. Akatoa nyingine.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umepumua sasa?"

Matroni aliinamisha kichwa.

"Wewe umepumua," alisema Mama Atu, bila kupandisha sauti. Ilibidi tuiname kumsikia kwa ajili ya makarasha. "Umekuja na mzigo wako umeutua hapa mezani kwangu, unarudi Mbeya mikono mitupu. Mimi nilikuwa najua mwanangu aliumwa akafa. Nilikuwa nalala na hilo. Sasa nina hilo la simu. Nani kakwambia nalitaka?"

Aliinuka, akatuchotea maji, glasi mbili, akatuwekea. "Kunyweni. Gari la Mbeya linaondoka sasa hivi."

Tulikunywa kwa sababu hatukujua jingine la kufanya. Njia nzima Matroni alitazama dirishani. Tulipokuwa tunashuka milima kuingia mjini ndipo alipofungua mdomo. "Ana haki," alisema. Hakulirudia tena suala lile, siku ile wala mwaka ule.

Nimewahi kusikia watu wakisema msiba humlainisha mtu. Matroni haukumlainisha, ulimtisha. Sheria ya simu ilikufa. Sasa yeye mwenyewe alipita vitandani na simu yake akiwauliza watoto kama wanataka kuongea na nyumbani, hata wasioumwa. Aliwakagua kila siku badala ya kila Jumamosi. Aliwafungua midomo atazame ulimi, akawabana ncha za vidole, kwa sababu yule daktari alimwambia kwamba watoto wanaopona ugonjwa ule hubambuka ngozi kuanzia pembeni mwa kucha. Mtoto akiamka na jicho jekundu alikimbizwa mjini. Mtoto wa darasa la pili aliyebambuka vidole alipelekwa akiwa analia, kumbe alikuwa anasaidia jikoni kufua matambara kwa sabuni ya unga. Mwingine alikuwa na malaria. Mwingine alilala juani. Alikwenda mara nyingi, na kati ya wote aliowapeleka hakuna hata mmoja aliyekuwa na ugonjwa ule.

Mwanzoni manesi walimheshimu. Baadaye walikuwa wanatazamana akiingia. Yule daktari dada peke yake ndiye aliyempokea kila mara kama mara ya kwanza, akamkagua mtoto kuanzia kichwani, akasema, "Siyo, mama. Asante kwa kumleta." Halafu akahamishwa.

Wazazi wakaanza kulalamika. Simu za mchana kutwa, mtoto wangu ana nini, mbona anapelekwa hospitali kila mara? Mkuu alimwita Matroni tena, na safari hii sikuwepo, ila nilisikia kupitia dirisha la ofisi nikiwa nasubiri chaki.

"Matroni, unatujazia hofu shuleni."

"Na iwepo."

"Madaktari wenyewe wanasema ni nadra. Nadra sana."

"Kwangu mimi ni mmoja kati ya mmoja," alisema.

Mwisho wa muhula ule hakuongezewa mkataba. Waliandaa keki na soda, wakamzawadia blanketi. Watoto waliimba. Aliwashika mmoja mmoja mikono yote miwili, akiigeuza juu na chini, na nadhani wageni walidhani anawaaga. Alirudi kwao Iringa kwa basi la asubuhi.

Tulipigiana simu sikukuu, kisha hata hizo zikapungua. Mimi nilihamia shule ya serikali, nikapata kiwanja Iyunga, hapo hapo Mbeya, maisha yakanibeba. Ni mwaka huu tu, nilipokwenda Iringa kwa shughuli ya usahihishaji wa mitihani, ndipo nilipopata nafasi ya kumtafuta. Anakaa kwa mtoto wa kaka yake, kwenye barabara ya kuelekea Tosamaganga. Nyumba ya tofali za kuchoma, njegere upande mmoja, viazi upande mwingine. Nilimkuta uani anamenya njegere. Amepungua. Yale mabaka ya mashavuni yamesambaa yakakutana puani.

"Shikamoo Matroni."

"Marahaba. Kamwene, mwanangu. Umenenepa, umeolewa?"

Tuliongea ya kuongea. Nilimwambia nani kastaafu na nani kafariki. Mpishi wetu yupo, anatembea kwa fimbo. Aliniuliza habari za yule daktari, nikasema sijui aliko. Kisha nikaona ameweka vikombe vitatu kwenye sinia, nami nikauliza kama mwenyeji wake yuko karibu kurudi.

"Hapana. Leo anakuja Mama Atu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Alinitafuta," alisema, akiendelea kumenya. "Mwaka juzi. Anapanda haya mabasi ya Dar kufuata vyombo vya mgahawa, sasa anashuka hapa Iringa. Mara ya kwanza nilipomwona getini nikasema amekuja kunipiga. Nikasema anipige. Akakaa pale ulipokaa wewe. Akaniuliza, 'Alikula?'"

"Alikula?"

"Zile siku chumbani kwa wagonjwa. Hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Nikamwambia alikataa uji, akataka maziwa, nikampa maziwa akayatapika, akasema pole Matroni nimekuchafua. Mama Atu akanyanyua mkono hivi, akasema inatosha. Akaondoka. Baada ya miezi akarudi. 'Alilala upande gani?' Nikamwambia. Akasema inatosha. Kila akija, jambo moja. Akilipata anaondoka nalo."

"Na lile la simu?"

"Halijatajwa tena. Hajanisamehe, mwanangu, wala hajasema. Mimi siulizi." Aliyasukuma maganda kwa mguu. "Shida ni kwamba yamekwisha. Zilikuwa siku chache, na nyingi alilala tu. Safari iliyopita sikuwa na kitu. Nikatamani kumtungia. Nilishafungua mdomo kusema aliimba. Hakuimba. Nikaufunga."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia alipenda dirisha lifunguliwe. Hilo ni kweli, lakini nilishalisema. Akanitazama. Alijua."

Mama Atu aliingia kabla chai haijapoa. Nywele zake zimekuwa na mvi nyingi kwa umri wake, na alikuwa na mfuko wa mchele aliouweka jikoni mwenyewe bila kuelekezwa, kama mtu anayejua nyumba. Alimwamkia Matroni. Mimi alinitazama mara mbili.

"Ni Mwalimu," alisema Matroni. "Yule niliyekuja naye kule kwako. Alikuwa anamfundisha Hesabu." Akamgeukia mgeni wake. "Mama Atu, mimi yangu yamekwisha. Nisingependa nikudanganye. Lakini huyu alikuwa naye kila asubuhi, mwaka mzima na zaidi."

Nilitamani kuinuka. Nilitaka kusema nina gari la kuwahi, na kweli nilikuwa nalo. Mama Atu alivuta kiti, akakiweka mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana, akakaa na mkoba wake mapajani.

"Alikuwa anakaa wapi darasani?" aliuliza.

"Dawati la pili," nilisema. "Upande wa dirisha."

"Na nani?"

"Na binti mmoja wa Kyela, Neema. Walikuwa wanagombana."

"Wakigombania nini?"

Sikuwa nimelifikiria tangu wakati ule. Ilibidi nilitafute, na kwa muda sikuona chochote ila dawati. Halafu likaja. "Kifutio," nilisema. "Hakupenda kuazimisha kifutio chake. Alikuwa anakificha ndani ya soksi. Nikimwita ubaoni anatembea akichechemea, darasa zima linajua kwa nini."

Mama Atu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, na kilimshtua hata yeye. Aliziba mdomo kwa kanga na macho yake yakajaa. Matroni alikuwa ameacha kumenya. Nilifungua mdomo niendelee, kwa sababu sasa mengine yalikuwa yanakuja yenyewe, lakini Mama Atu aliinua kiganja chake.

"Inatosha, Mwalimu," alisema. "Hiyo inatosha kwa leo."